Linux Ilisingiziwa: Modemu, Radi na Nyaya za Simu kati ya Jinja na Mbale

Muulize mtu yeyote aliyewahi kuendesha maabara ya kompyuta ya shule au kibanda cha intaneti Jinja au Mbale mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nini aliiondoa Linux akarudisha Windows. Huenda akakujibu kwa mkato tu: haikuwa inashika intaneti. Shtaka hilo limezoeleka mno, na wapo walimu wanaolirithisha kwa wanafunzi wao hadi leo. Mimi naona kesi haikusikilizwa vizuri. Kosa lilikuwepo, tena kubwa, ila lilikaa kwenye kadi ya modemu iliyouzwa nusu, kwenye nyaya za simu zilizochapwa na radi, na kwenye bei ya dakika. Linux yenyewe ilikuwa ikisema wazi simu imefia wapi. Waliosoma ilichosema walikuwa wachache.

Tukumbuke kwanza mazingira yenyewe. Kabla ya intaneti kamili, Makerere ilikuwa na barua pepe ya FidoNet, kazi iliyosukumwa na Charles Musisi: barua zinakusanywa, modemu inapiga simu, inabadilishana furushi na GreenNet ya London, simu inakatwa. Mfumo ule ulivumilia laini mbovu kwa sababu haukuitaka simu ikae hewani muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni kama Infocom na Starcom zikaanza kuuza intaneti Kampala, na intaneti hiyo ilidai kitu kigumu zaidi, yaani simu moja safi ikae wazi nusu saa nzima bila kukatika. Hicho nyaya zetu hazikuwa zimezoea kukitoa. Shirika la zamani la posta na simu lilikuwa limegawanywa baada ya sheria ya mawasiliano ya 1997, upande wa simu ukawa Uganda Telecom, na MTN ikaingia mwaka 1998 na simu za mkononi. Kufikia mwaka 2000 simu za mezani nchi nzima hazikufika laki moja. Aliyekuwa na waya wa simu dukani kwake Main Street, Jinja, au karibu na mnara wa saa wa Mbale, alikuwa mtu wa bahati, hata kama waya wenyewe ulimzidi umri.

Halafu kuna hesabu ya umbali. Namba za Kampala zilianza na 041, za Jinja 043, za Mbale 045. Jinja iko kilomita 80 hivi kutoka Kampala, Mbale zaidi ya 200. Asiyekuwa na namba ya kuingilia ya karibu alipiga 041, na gharama ilianza kuhesabiwa pale tu upande wa pili ulipopokea, hata kama sekunde kumi baadaye neno la siri lilikataliwa. Kila jaribio lilikuwa na bei yake. Mtu wa namna hiyo hana subira ya kuchunguza. Anataka ishike, au aachane nayo.

Simu ya modemu hupita hatua zinazofuatana, na kila hatua ina namna yake ya kufa. Kompyuta inazungumza na modemu. Modemu inaisikia laini. Modemu mbili zinapatana kasi. Programu ya pppd inapatana na seva ya upande wa pili. Mwisho zinakuja anwani na majina ya tovuti. Swali la fundi ni moja: simu imefika wapi? Anayeanza kubadilisha mipangilio ya hatua ya tano wakati simu imefia ya pili atakesha, na bili itamfuata.

Hatua ya kwanza hupimwa kwa dakika moja. Unafungua minicom, unaelekeza kwenye /dev/ttyS0, unaandika AT na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Modemu nzima inajibu OK. Lugha hii ya AT ilianzishwa na kampuni ya Hayes mwaka 1981 na haijafa mpaka leo. Usipoona jibu, huenda mlango ni ttyS1, au kebo imelegea, au faili la kufuli limebaki kwenye /var/lock baada ya programu nyingine kuanguka. Kosa moja la kawaida mashuleni ni hili: mwalimu akiingia kama root inashika, mwanafunzi akiingia kwa jina lake haishiki. Hapo hakuna ugonjwa wowote. Mwanafunzi hajaingizwa kwenye kundi la dialout, au uucp kwa baadhi ya matoleo, basi.

Ila kuna kadi ambazo hazikujibu AT hata ufanye nini, na hapo ndipo kilipo kiini cha kesi yetu.

Modemu kamili, mfano Sportster ya nje ya US Robotics yenye taa zake mbele na kebo ya siriali nyuma, ilikuwa na chipu yake ya kugeuza biti kuwa sauti na sauti kuwa biti. Linux iliitambua papo hapo kwa kuwa haikuhitaji dreva zaidi ya ile ya mlango wa siriali. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990 watengenezaji walipata njia ya kupunguza gharama: waliiondoa chipu ile, kazi yake wakaitupia prosesa ya kompyuta, kwa kutumia dreva iliyoandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Kadi hizo zikaitwa winmodem. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotufikia zilikuja na kadi ya aina hiyo ndani, yenye chipu ya Lucent, Conexant, PCTel au Smart Link. Mwenye kibanda anaondoa Windows, anaweka Mandrake au Red Hat kutoka kwenye CD aliyoazima, na kadi iliyokuwa ikifanya kazi jana leo haionekani. Anahitimisha kwamba kilichobadilika ni mfumo, basi mfumo ndio mkosaji. Kumbe alipoifuta Windows alifuta na nusu ya modemu yake.

Amri ya lspci ingemwambia ukweli bila kupiga hata simu moja. Modemu kamili ya ndani hujitambulisha kama "Serial controller". Winmodem mara nyingi hujiita "Communication controller", na jina la chipu hufuata hapo hapo. Mstari huo mmoja unaeleza kama unahitaji kurekebisha mpangilio au unahitaji kutafuta dreva.

Na kutafuta dreva ilikuwa safari yake. Dreva ya Lucent kwa ajili ya Linux ilikuwa na sehemu iliyofungwa ambayo msimbo wake haukuonekana. Ile ya Conexant, iliyotolewa na Linuxant ya Kanada, ilikuwa ya bure ukikubali kubanwa kwenye kilobiti 14.4 kwa sekunde. Ukitaka kasi kamili ulilipa takribani dola 20, kwa njia ya mtandao. Nani Mbale mwaka 2004 alikuwa na kadi ya benki ya kulipia mtandaoni? Tena dreva zenyewe zilikuwa kwenye intaneti, ile ile unayoitafuta. Basi mtu anapanda taksi hadi Kampala, anapakua faili, anarudi nalo kwenye CD, anagundua kwamba dreva lazima ijengwe kulingana na kerneli iliyomo kwenye mashine yake, na vichwa vya kerneli hiyo hakuvichukua. Anapanda taksi tena. Siku atakayosasisha kerneli, modemu inapotea upya. Sishangai watu walikata tamaa. Ninachosema ni kwamba hasira yao ilimwangukia asiyehusika, na aliyeokoa shilingi chache kwa kuuza kadi isiyo kamili hakulaumiwa na mtu.

Modemu ya nje ya siriali, hata ya mtumba, ilikuwa jibu. Iligharimu zaidi siku ya kununua na ikajilipa kwa muda usiopotea.

Sasa twende kwenye laini. Ukitoka Jinja kwenda Mbale ukaiacha barabara ya Tirinyi, ukapitia Bugiri, utafika Tororo, mji ulioingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Huo ndio ukanda tunaouzungumzia. Radi haihitaji kupiga paa lako. Ikianguka karibu na nguzo, umeme wake unaingia kwenye waya wa simu na kutembea hadi tundu la modemu. Ndani ya modemu kuna pande mbili zilizotenganishwa kwa makusudi, upande wa kompyuta na upande wa laini. Mara nyingi radi huunguza ule wa laini na kuuacha wa kompyuta ukiwa mzima kabisa. Unaandika AT, unapata OK. Unaamuru ipige, unapata NO DIALTONE. Unachomeka simu ya kawaida kwenye tundu lile lile la ukutani, unasikia mlio safi. Hapo usiguse faili lolote la mipangilio. OK inathibitisha nusu ya modemu tu. Itegee sikio: modemu nzima inapokamata laini hutoa "ta" ndogo ya rilei yake. Ukiikosa, nunua nyingine.

Kinga ya radi ni rahisi mno. Wingu likikusanyika juu ya kilima cha Wanale, pale Mbale, watu wengi walichomoa umeme, waya wa simu wakauacha palepale. Chomoa vyote viwili.

Lakini NO DIALTONE si hukumu ya kifo kila mara. Kwenye shule, hospitali au hoteli yenye swichibodi, mlio wa ndani haufanani na ule wa laini ya nje, modemu inashindwa kuutambua na kulalamika ilhali waya ni mzima. Amri ya ATX3 inaiambia isisubiri mlio, na namba unaiandika kwa kuanza na 9, koma, kisha namba yenyewe. Koma ni kituo cha sekunde 2 hivi, kuipa swichibodi nafasi ya kukupa laini ya nje. Halafu kuna karani. Waya mmoja, simu mbili: maabara inavuta barua pepe, ofisini mtu anainua mkono wa simu ampigie mzazi, na mawasiliano yanakatika. Nimeona mipangilio ikiandikwa upya kutwa nzima kwa sababu ya hilo, na dawa yake ilikuwa kuzungumza na karani.

Baadaye zikaja simu za mezani zisizo na waya, zinazopita kwenye mtandao wa simu za mkononi. Kwa macho ni simu ya mezani kamili, na nyingine zina tundu la kuchomekea kifaa. Modemu inapiga, inapokelewa, inalia kelele zake, kisha inaandika NO CARRIER. Haitashika kamwe. GSM hubana sauti kwa kufuata koo la binadamu, na milio ya modemu haina koo. Hakuna faili la Linux, wala la Windows, litakalorekebisha hilo. Kifaa chenye mlango wake wa data kingekupa kilobiti 9.6 kwa sekunde, ukubali au ukatae.

NO CARRIER kwenye waya wa kweli ina maana nyingine: zimeitana, zimeshindwa kuelewana, au zimeelewana kisha zikapoteana. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 kiliahidi kilobiti 56, ila ahadi hiyo inasimama iwapo sauti inageuzwa kuwa tarakimu mara moja tu kati yako na kampuni ya intaneti. Kwenye laini ndefu yenye mageuzi zaidi ya mara moja unarudi kwenye 33.6 au chini. Modemu inayong'ang'ania kasi kubwa kwenye waya mbovu hupanda, huanguka, huanza upya. Ilazimishe itumie V.34, kwa amri iliyo kwenye kitabu chake kwa kuwa kila kampuni ina yake; 26,400 inayokaa inapita 44,000 inayokatika kila dakika kumi. Ongeza pia rejista S10, inayohesabu sehemu za kumi za sekunde ambazo modemu huvumilia kupoteza mawimbi kabla ya kukata. Ukiiweka 50, mkwaruzo wa sekunde mbili hautakuangusha. Hifadhi kwa AT&W, maana umeme ukikatika mipangilio isiyohifadhiwa huondoka nao. Mwaka 2005 na 2006, ziwa lilipopungua na mgao wa umeme ukabana hata Jinja yenye bwawa lake tangu 1954, amri hiyo moja iliokoa kazi nyingi.

Kuna waliojisifu kwamba wameunganishwa kwa CONNECT 115200. Hiyo ni kasi kati ya kompyuta na modemu yao, mezani hapohapo. Ya laini ni habari nyingine.

Ukishapata CONNECT, simu imepita mikononi mwa pppd, na hapa ndipo Linux inapozungumza vizuri kuliko mfumo mwingine wowote wa wakati ule. Ongeza neno debug kwenye mipangilio, piga, kisha fungua logi ya mfumo chini ya /var/log. Utaona mistari ya kutuma na ya kupokea. Ukiona kompyuta yako inatuma maombi kumi bila kupokea hata moja, kisha "LCP: timeout sending Config-Requests", ujue upande wa pili haujaanza PPP. Ukiona "Serial line is looped back", maneno yako yanarudishwa kwako kama yalivyo, maana seva bado inasubiri uandike jina na neno la siri kwa herufi. Skripti yako ya chat iyaandike kwanza. Kwenye wvdial, programu ya kupigia simu, tatizo la kinyume lina tiba yenye jina la ajabu, Stupid Mode, inayoiambia iache kubahatisha maswali ya seva, ianze PPP mara moja. Seva nyingi ziliitaka hivyo.

Kosa lililowasumbua zaidi wenye vibanda lilikuwa la kifamilia kidogo. Kompyuta ikiwa peke yake nyumbani inashika vizuri. Ikipelekwa kibandani, yenye kadi ya mtandao na kompyuta nane nyuma yake, inakataa na kuandika kwamba upande wa pili unatakiwa ujitambulishe. Sababu ni kwamba pppd ikikuta mashine tayari ina njia kuu ya kutokea, huwa na wasiwasi na kudai utambulisho ambao kampuni ya intaneti haitoi. Neno noauth linamaliza ubishi huo. Ila subiri, njia ile ile kuu inaleta balaa la pili: sasa simu inashika, pppd inaandika "not replacing existing default route", na kurasa hazifunguki kwa sababu maombi yote yanaelekezwa kwenye kadi ya ndani isiyokwenda popote. Futa njia hiyo kwenye mpangilio wa kadi ya mtandao na yote mawili yanaondoka kwa pamoja. Watu walibadilisha modemu kwa kosa hili.

La majina ni jepesi. Ping ya anwani ya tarakimu ikijibu na ya jina isijibu, weka usepeerdns, uangalie /etc/resolv.conf.

Waliofika hapa walipata kitu ambacho Windows ya siku zile haikuwapa kwa urahisi: modemu moja kuhudumia chumba kizima, Squid ikitunza kurasa zilizokwisha kufunguliwa, na barua zikisubiri kwenye foleni hadi simu ya jioni. Ni busara ile ile ya FidoNet ya Makerere.

Mnaweza kuuliza yote haya yana faida gani leo. Mwaka 2009 mkonga wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki, na modemu za USB zikajaa madukani. Lakini fungua ile ya Huawei uliyoichomeka kwenye Ubuntu kwenye miteremko ya Elgon: ndani mna AT, mna pppd, mna namba ya kupiga, *99#. Hata hila ya zamani imo. Ukiichomeka, hujifanya CD yenye dreva za Windows, na hadi usb_modeswitch iigeuze, Linux haioni modemu. Ikishaonekana kama /dev/ttyUSB0, andika AT+CSQ. Jibu ni kati ya 0 na 31, na 99 maana yake haijui. Chini ya 10, panda kilimani kabla ya kugusa mipangilio. Ikisema mlango unatumika, ModemManager imeushika, isimamishe kwanza.

Kwa hiyo unapomwandikia fundi, au unaponiandikia mimi, niletee jibu la lspci au lsusb, neno la mwisho modemu ililotamka, na mistari kumi ya mwisho ya logi. Na useme kama jana kulikuwa na radi.